Kwapa Lililofungwa Mara Mbili

Kwapa la kushoto la Napari lilifungwa mara mbili. Mara ya kwanza lilifungwa na moto. Mara ya pili lilifungwa na watu, tena ndugu zake wa damu, waliomtakia mema.

Moto wenyewe ulikuwa wa Bugum, sherehe ya mienge. Zamani sherehe hiyo ilikuwa na adabu yake pale Kpabuya, kijiji cha Wadagomba kaskazini mwa Ghana. Mwenge ulifungwa kwa nyasi ndefu zilizokaushwa wiki tatu, ukakazwa kwa kamba ya magome mahali patano, na aliyeubeba alijua kwamba moto ukifika fundo la tatu ni wakati wa kuutupa. Sasa vijana wanafunga nyasi kwa mfuko wa nailoni na kuzimwagia petroli ili ziwake haraka wapate kupiga picha. Mwenge wa namna hiyo ndio uliompukutikia Napari begani akiwa katikati ya wapiga ngoma, fimbo mkononi, lunga kwapani.

Lunga ina kiuno chembamba kama nyigu, na nyuzi za ngozi zimetandazwa kutoka uso mmoja hadi wa pili. Ukizibana kwa mkono wa kushoto sauti inapanda, ukiziachia inashuka, na katika kupanda na kushuka huko ngoma inasema maneno ambayo kila Mdagomba aliyelelewa anayaelewa. Inataja majina. Napari alikuwa katikati ya jina la babu wa mtemi wakati pamba nene ya joho lake ilipoanza kunywa moto. Mpiga lunga haachi jina la mfu katikati. Alibana, akaachia, akabana, mpaka jina likatimia, ndipo akaitupa ngoma na kujigaragaza mchangani. Wenzake walisema hajapata kulipiga jina lile vizuri kama siku hiyo.

Alikaa nyumbani miezi minne akiuguza. Mama yake, Mma Samata, alimpaka alichokuwa nacho, na mkewe Zuwera alimgeuza kitandani kama mtoto. Mkono aliulaza ubavuni kwa sababu ndiko ulikouma kidogo. Hakuna aliyemwambia kwamba kovu hufuata njia ile ile ya maumivu: linapenda mkono uliokunjwa. Kidonda kilipokauka, ngozi ilikuwa imejishona yenyewe kutoka mbavuni hadi karibu na kiwiko, nyekundu na ngumu, kama bawa la popo. Kiwiko kilikunjuka, vidole vilifanya kazi, lakini mkono wenyewe haukuachana na ubavu hata upana wa kiganja. Lunga haikupata pa kuingia.

Daktari wa kupasua makovu alikuja katika hospitali ya mjini mara moja kwa mwaka. Napari alingoja zamu yake. Alikatwa lile bawa, akachunwa ngozi ya paja la kulia, ikabandikwa kwapani. Alipozinduka aliukuta mkono wake umeinuliwa sawa na bega, umeegeshwa juu ya kiunzi cha alumini na sponji kilichofungwa kiunoni, mfano wa mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Mwenye kiunzi alikuwa Sista Dzifa, mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi kutoka kusini aliyekitafuna Kidagbani cha Wadagomba kama karanga.

"Miezi sita," alimwambia. "Mitatu usiku na mchana, mitatu usiku tu. Ngozi iliyobandikwa ni choyo, kila siku inajivuta kwake. Sisi tunaivuta kwetu. Atakayechoka kwanza ndiye aliyeshindwa."

"Na mkono wenyewe nisiutumie?"

"Nani kasema? Mazoezi kila siku. Ukikaa bure utanirudia hapa umejikunja kama konokono."

Napari alirudi nyumbani na maneno hayo yote, hakupoteza hata moja. Kosa halikuwa la masikio.

Wiki ya saba Damba, sikukuu kubwa ya watemi, ilikaribia. Lun-Naa Issahaku, mkuu wa wapiga ngoma na mdogo wa marehemu baba yake Napari, alikuja uani, akaketi kwenye ngozi aliyotandikiwa, akakitazama kile kiunzi.

"Na hili dirisha utalivaa mpaka lini?"

"Miezi sita, Baba."

"Damba ni Jumatano."

"Sista kanikataza kulivua."

"Kakukataza. Na kakuamuru nini?"

"Nifanye mazoezi kila siku."

Mzee alicheka mpaka kokwa ya kola aliyokuwa akitafuna ikamtoka mdomoni. "Sasa mwanangu, katika dunia hii kuna mazoezi ya mkono wa kushoto kuyashinda ya lunga? Unabana, unaachia, unabana, unaachia, kutwa nzima! Huyo mama angekuwa Mdagomba asingekufunga dirisha. Angekupa ngoma."

Ua mzima uliitikia. Hata Mma Samata alitikisa kichwa kukubali, na Zuwera, ambaye hakuwa mtu wa kukubali upesi, alisema, "Hapo kweli kuna akili." Na akili ilikuwepo. Kwa mtu aliyelelewa na lunga hakuna mkono unaofanya kazi kuliko ule wa kwapa la ngoma. Jambo moja tu halikuonekana na yeyote: kazi hiyo yote mkono huifanya ukiwa ubavuni. Hupanda vidole viwili, hushuka vidole viwili, lakini hauinuki. Mpiga lunga anaweza kufanya mazoezi hayo miaka arobaini bila kulipeleka kwapa lake kwenye hewa.

Kiunzi kikavuliwa. Napari alipiga Damba yote, siku baada ya siku, na baada ya Damba zikafuata arusi mbili, tanga moja, na kupewa jina kwa mtoto wa mtemi. Mkono ulipata joto, ukalainika, na watu wakasema, mnaona? Kuku wa Mma Samata walikipata kile kiunzi nyuma ya ghala, wakakifanya kitulio.

Zuwera ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alimwambia achukue kibuyu kilichotundikwa ukutani, Napari akakichukua kwa mkono wa kulia. Alimwambia akirudishe kwa kushoto. Hakufika.

"Jana ulifika."

"Jana nilikuwa sijachoka."

"Umeamka sasa hivi, umechoka na nini?"

Zuwera alichukua mkaa akachora mstari ukutani mahali vidole vya mumewe vilipoishia. Baada ya siku nne akachora mwingine, chini yake. Mistari ilishuka ukutani kama ngazi ya mtu anayeteremka kisimani, na ulipofika mstari wa tisa Napari alimwambia aache kuchora. Kamba ya ngozi ilikuwa imerudi mbavuni, ngumu kuliko ile ya kwanza. Alijaribu kuivuta kwa nguvu, ikapasuka, ikatoa damu, ikapona fupi zaidi.

Hospitalini Sista Dzifa alilishika kovu kwa vidole viwili, akalivuta, likamkatalia.

"Nani alikuvua kiunzi?"

"Ilikuwa Damba."

"Sikukuuliza sikukuu. Nimekuuliza mtu."

"Nilivua mwenyewe. Nilikuwa napiga lunga. Tuliona ni mazoezi."

"Nionyeshe."

Alimwonyesha bila ngoma, akibana na kuachia hewa. Sista alitazama mara tatu, kisha akaketi juu ya kitanda cha wagonjwa, hasira zimemwisha ghafla.

"Nilipaswa kukuuliza kazi yako," alisema. "Niliandika mkulima. Ninyi wote naandika mkulima." Akainuka. "Sikiliza. Mkono huu haukurudi wenyewe, umerudishwa, na mimi nimo. Daktari akija mwakani nitakuweka wa kwanza. Ngozi itatoka paja la kushoto. Mapaja unayo mawili, umenielewa? La tatu usije kuniomba."

Mwaka wa kungoja ulikuwa mrefu. Napari alilima karanga kwa mkono mmoja na nusu. Kiti cha Sampahi-Naa, cha pili kutoka kwa mkuu, alichokikalia baba yake na babu yake, kilikaa wazi, na Fuseini, mtoto wa Lun-Naa, akawa anapiga badala yake bila cheo. Fuseini alikuwa na mikono mizuri na kichwa chepesi. Majina aliyajua ya vizazi vinne, na ya kizazi cha tano na kuendelea aliyavuka kwa mbwembwe. Hakuna aliyemkamata kwa sababu wasikilizaji wenyewe hawakujua tena. Zamani mtu akikosewa jina la babu yake mkubwa alisimama hapo hapo akadai. Leo anasimama akidai sauti ya spika iongezwe. Fuseini alikuwa amerekodi lunga yake kwenye simu, na kwenye arusi za mjini aliicheza ngoma hiyo kupitia spika huku yeye akila wali. Hata kwenye mikutano ya kampeni alialikwa, akawapa wanasiasa majina ya simba na tembo ambayo hakuna babu wao aliyepata kuyabeba. Lun-Naa aliona yote, akanyamaza. Ni mwanawe.

Napari alipasuliwa mara ya pili. Kiunzi kikarudi. Sista Dzifa safari hii alimfungia kwa mkanda wa ngozi wenye kifungo mgongoni, asikofika mwenyewe, na Zuwera akapewa kazi ya kukifungua wakati wa kuoga na kupaka mafuta ya shea.

"Akikuomba umvue akapige ngoma?" Sista alimuuliza.

"Nitamvua ngozi iliyobaki," Zuwera alijibu.

Damba ilikuwa wiki nane mbele. Lun-Naa alikuja tena uani. Safari hii hakucheka, maana habari ya mazoezi ilikuwa imemfikia na haikumpendeza kukumbushwa.

"Siku ya Bilkulsi mtemi anapanda farasi kuiaga Damba," alisema. "Sampahi-Naa ndiye anayemtangulia. Kiti kimekaa wazi mwaka mzima, nikakutetea. Mwaka huu siwezi. Ukiwepo, ni chako. Usipokuwepo, ni cha Fuseini, na kikitoka nyumba hii hakirudi."

"Nipe mwaka mmoja, Baba."

"Mwaka jana ulipewa na nani?"

Alipoondoka, Zuwera alisema, "Basi chagua. Kiti au mkono."

"Nani kaniwekea sahani mbili nichague moja?" Napari alisema kwa ukali. "Nataka vyote."

"Taka tu, bwana. Kutaka hakuna kiunzi."

Siku chache baadaye alikuwa ameketi barazani, mkono wa kushoto ukining'inia mbele yake kutoka kwenye kile kiunzi, maana kiunzi kilishika bega hadi kiwiko, na kutoka kiwiko kushuka mkono ulikuwa huru. Kwa kutamani tu aliivuta lunga ya baba yake akaiweka kwapa la kulia. Uso wa ngoma ukawa chini ya vidole vya kushoto. Akagonga kwa kucha. Akachukua fimbo.

Aliiweka chini upesi kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake. Mkono wa kushoto ni wa kujisafishia. Humpi mtu maji kwa kushoto, humsalimii wala humwonyeshi njia. Kulitaja jina la mtemi kwa fimbo ya kushoto ilikuwa sawa na kumkaribisha chakula kwenye beseni la kuogea.

Lakini kesho yake aliichukua tena, na siku ya kwenda hospitali alimuuliza Sista Dzifa.

"Kiwiko kikae juu, sawa na bega," Sista alisema. "Kisishuke hata kidogo. Kikiwa juu, hiyo ngoma piga hata kwa pua."

Akaenda kujifunza kwenye shamba la karanga, mbali na masikio. Masikio yake yalijua kila kitu na mikono haikujua lolote. Kwapa la kulia lilibana panapotakiwa kuachia, fimbo ya kushoto ilifika ikiwa imechelewa, na lunga iliyomtaja mtemi wa tisa bila kujikwaa ikaanza kugugumia kama mlevi. Zuwera alimletea chakula, akasimama nyuma ya mti wa shea akisikiliza.

"Nani huyo unayemtaja?"

"Mtemi wa tatu wa Kpabuya."

"Maskini. Nilidhani unafukuza ndege."

"Cheka. Hata kwa kulia nilianza hivi hivi."

"Kwa kulia ulikuwa na miaka sita na ulichapwa viboko. Sasa nani akuchape?" Akaweka bakuli chini, akavunja tawi jembamba, na kila ngoma ilipokosea alimchapa mguuni, wote wawili wakicheka, mpaka chakula kikapoa.

Wiki ya sita jina la mtemi wa tatu lilitimia. Siku hiyo Mma Samata, aliyekuwa akichambua karanga kivulini na ambaye watu walimdhani kiziwi, aliinua kichwa.

"Hiyo ni ya kushoto," alisema.

"Umejuaje, Mma?"

"Naisikia. Enzi za babu yangu alikuwepo mpiga ngoma aliyekatwa mkono na wafanyabiashara wa watumwa. Mtemi wa siku hizo hakumfukuza. Wazee walimleta mlangoni, msemaji akasema mbele ya watu: mkono uliobaki ndio wa kulia. Basi. Kuanzia siku hiyo kushoto kwake kukawa kulia. Hata chakula alipokea kwa mkono huo."

"Mbona hujapata kusema?"

"Nani kaniuliza?"

Na ndivyo ilivyo. Mila ya wazee ilikuwa nyumba yenye milango. Ilijua kwamba mtu huungua, hukatwa, huzaliwa nusu, na kwa kila mmoja ilikuwa na pa kumpitishia. Warithi wamebaki na kuta, na kila mlango wasioujua wanauita ukuta.

Napari alikwenda kwa Lun-Naa kwa adabu zote, akachutama, akatoa kola, akaeleza habari aliyosimuliwa na mama yake na kuomba msemaji wa mtemi aseme maneno yale tena. Lun-Naa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye Lun-Naa," alisema. "Habari zote za Kpabuya ziko kifuani kwangu. Hiyo sijapata kuisikia."

"Mma anaijua."

"Mma ni mwanamke na ni mzee. Wanawake wazee wanajua mengi ya jikoni."

"Baba, kama haipo kifuani kwako haina maana haikutokea. Labda ilipokuwa ikifundishwa ulikuwa umesinzia."

Aliyasema kwa upole, lakini hayakuwa maneno ya upole. Fuseini, aliyekuwa mlangoni akichezea simu, aliguna. "Kaka, ukija na hilo dirisha lako kwa mtemi watu watadhani umekuja kutundika mapazia."

"Nitatundika, mdogo wangu. Wewe lete spika yako ulizibe."

Alasiri ya Bilkulsi uwanja ulijaa majoho. Mtemi alitoka akapanda farasi, wanawake wakapiga vigelegele, wapiga ngoma wakajipanga, na nafasi ya Sampahi-Naa mbele ya farasi ikawa wazi. Napari aliingia humo, joho limepasuliwa ubavuni kupisha kiunzi, kiwiko kiko hewani, lunga kwapa la kulia. Kabla ya mtu kuelewa anachokiona alianza na mtemi wa kwanza.

Wenye masikio walisikia majina. Wenye macho waliona fimbo. Mnong'ono ulitembea uwanjani, kisha mtu akapaza sauti, "Kushoto! Anamtaja kwa kushoto!" Lun-Naa alimfikia, akamshika bega zima.

"Acha."

Napari alikuwa kwenye mtemi wa nne. Hakuacha.

"Napari, nakuamuru acha! Unamtukana!"

"Ninamtaja," Napari alisema bila kugeuka. "Mwenye kuyajua anitangulie."

Hakuna aliyemtangulia. Fuseini alijaribu kuingilia kwa ngoma yake, akaandamana naye mpaka kizazi cha nne, hapo akaishiwa, ngoma yake ikabaki ikirandaranda kama mbuzi aliyepotewa na mchungaji. Napari aliendelea peke yake, wa tano, wa sita, wa saba, jasho likimchoma kwenye ngozi mpya, mpaka wa kumi na moja. Mtemi juu ya farasi alikuwa amegeuza uso kando tangu mwanzo. Msemaji wake hakusema neno. Yale maneno matano tu yangetosha, na mdomo wa kuyasema ulikuwepo, lakini hakuna aliyeufundisha.

Asubuhi yake wazee watatu walikuja kumtaka apeleke kondoo na kola, akapige magoti aombe radhi.

"Radhi ya nini?" Napari aliwauliza. "Nimekosea jina gani?"

"Hukukosea jina."

"Basi nendeni mkauombe radhi mkono wangu. Ninyi ndio mliouvua kiunzi."

Kiti alipewa Fuseini. Napari hakuhudhuria. Alikuwa akipakwa mafuta.

Miezi iliyofuata watu walimpita njiani bila kumsalimia, wengine kwa chuki, wengi kwa woga wa kuonekana. Yeye alihesabu siku. Mwezi wa nne kiunzi kikawa cha usiku tu, na mchana akaongeza zoezi alilopewa na Sista Dzifa: kushika boriti ya baraza kwa mkono wa kushoto, magoti yakilegea, uzito wa mwili ukivuta kwapa, na kuhesabu mpaka mia mbili. Mara tano kwa siku. Siku za kwanza alihesabu akilia waziwazi na hakujali nani anamwona. Kovu lilivuta chini, boriti ikavuta juu. Mwezi wa sita ulipokwisha kovu lilikuwa bado linavuta, lakini mkono ulifika.

Ndipo alipokufa mtemi wa kijiji jirani, na watemi wa pande zote wakaja kwenye tanga. Fuseini alisimama mbele yao na kuanza kumtaja mtemi wake, akavuka majina matatu. Kati ya wageni kulikuwa na mzee mmoja wa zamani, wa ukoo wa moja ya majina hayo. Alisimama. Alikunja ngozi yake ya kukalia na kuondoka, na watu wake wote wakamfuata. Kpabuya ilirudi nyumbani imeinamisha vichwa.

Siku ya pili Lun-Naa alikuja uani kwa Napari, na wazee wawili, na kola kwenye kitambaa cheupe. Walimkuta ananing'inia kwenye boriti.

"Mwanangu, tumekuja."

"Karibuni, Baba. Karibuni wazee. Hamsini na mbili, hamsini na tatu."

"Tuna maneno."

"Nitayasikiliza. Hamsini na tano."

Zuwera aliwatandikia, akawaletea maji kwa mkono wa kulia, akaingia ndani kucheka. Wakaketi. Hakuna mtu Kpabuya aliyepata kumweka Lun-Naa akisubiri hesabu. Mmoja wa wazee alianza kuinuka, Lun-Naa akamvuta joho. Ilipofika mia mbili Napari aliachia, akafuta jasho, akachutama mbele yao kama inavyopasa, kichwa chini.

"Sasa nawasalimu, Baba."

"Umepona," Lun-Naa alisema. Sauti yake ilikuwa ya uzee kuliko ilivyokuwa mwaka jana. "Tumeona mkono wako. Umeinuka wote. Kiunzi kimeondoka. Fuseini ameachia kiti, nimemwambia mwenyewe. Rudi, mwanangu. Ijumaa hii, mlangoni kwa mtemi. Hakuna kondoo, hakuna magoti. Jambo moja tu: irudishe lunga mahali pake. Kwapa la kushoto, fimbo ya kulia. Kama baba yako."

Napari aliitazama kola ndani ya kitambaa. Ilikuwa nyeupe, iliyochaguliwa. Kwa muda mrefu hakuna kitu alichokitaka kuliko hicho, na sasa kiliketi mbele yake kimefungwa vizuri.

"Baba, ngozi hii itajivuta mwaka mzima, labda na zaidi. Nikiirudisha lunga humu leo, kufikia mavuno kwapa limefungwa. Na safari hii hakuna paja."

"Utapiga Ijumaa tu. Saa moja."

"Mwaka ule pia ilikuwa Damba tu."

Lun-Naa alikunja uso. "Kwa hiyo unakataa kiti."

"Sijakataa. Mimi nitakuja Ijumaa. Majina yote, kuanzia la kwanza. Kwa kushoto."

"Mtemi hatatoka."

"Asitoke. Sikumwita yeye. Nawaita babu zake."

Mzee aliikusanya kola yake, akaifunga, akainuka kwa kusaidiwa. Mlangoni alisimama kidogo kama anayetaka kugeuka, kisha akaenda zake.

Ijumaa Napari alivaa joho lililopasuliwa ubavuni, ingawa hakukuwa tena na kiunzi cha kupishwa. Wapiga ngoma waliokuwa wameketi mbele ya mlango wa mtemi walimwona akija, wakasogea, wengine huku na wengine huko, wakamwachia pengo upana wa watu wanne, asije akawagusa. Aliketi katikati ya pengo. Mlango wa mtemi ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Aliinua kiwiko, sawa na bega, akaanza. Wenzake hawakumwitikia. Kila jina alilipiga, akalisubiri itikio lake, akaliitikia mwenyewe, akaenda la pili. Alipofika kwenye yale matatu yaliyovukwa alipunguza mwendo, akayapiga moja moja mara mbili mbili, kila silabi mahali pake, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na beseni la maji akasimama kusikiliza na maji yakamchuruzika shingoni. Napari alimaliza wa kumi na moja. Alisimama, akausalimu mlango kwa kuinama, akarudi nyumbani kula.

Ijumaa iliyofuata mlango ulikuwa umefungwa vile vile. Alikwenda mapema zaidi.